Lishe kwa kipato kidogo Dar es Salaam: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa akina mama wa kliniki, wanavikoba, vijana wa vijiweni na wazazi wa wanafunzi, kuanzia Mbagala na Gongo la Mboto hadi Manzese na Tegeta. Tumeanza na ya msingi, tukaishia na hali za pekee. Kama una mtoto aliyekonda ghafla au aliyevimba miguu, usianze juu: nenda moja kwa moja swali la 19.

## Mambo ya msingi

1. Elimu ya lishe inafundisha nini hasa? Si ni kula tu?

Inafundisha kuchagua, kuchanganya, kupika na kulisha. Mtu anaweza kushiba kila siku na bado mwili wake ukakosa protini, madini chuma au vitamini A. Mtoto anayepewa ugali kwa mchuzi wa maharage, maharage yenyewe yakabaki kwa wakubwa, analala ameshiba, lakini kimo chake kinaachwa nyuma na umri. Huo ndio udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Ule wa 2015/16 ulikuta 34. Umepungua, ila bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Na mtoto aliyedumaa mara nyingi haonekani mgonjwa. Anaonekana mfupi tu, watu wakasema amefuata ukoo.

2. Makundi ya vyakula ni matano au sita?

Wengi tulifundishwa matano, sukari na mafuta yakiwa kundi moja. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji uliotoka 2023 unataja sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; kunde, karanga na mbegu za mafuta; vyakula vya asili ya wanyama; mbogamboga; matunda; na mafuta yenye afya. Sukari haina kundi lake tena, na kunde zimepata nafasi yake badala ya kukaa kivulini mwa nyama.

Si lazima sahani moja ibebe yote sita. Hesabu kwa siku nzima: embe la asubuhi, maharage ya mchana, dagaa na mchicha wa jioni, yote yanaingia kwenye hesabu.

3. Sisi hatuna hela. Elimu itatusaidia nini?

Hakuna somo linaloleta hela, na hatumwambii mama mwenye sufuria tupu kwamba tatizo lake ni kutojua. Mwenye njaa anahitaji chakula. Kama kwenu hakuna uhakika wa kula, nenda serikali ya mtaa ukaulize kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii). Umekuwa ukitoa ruzuku kwa kaya zilizotambuliwa na kuandikishwa, na kwa wenye watoto wadogo sehemu ya ruzuku inaendana na kuwapeleka kliniki.

Lakini kaya nyingi tunazokutana nazo zina kiasi fulani kinachotoka kila siku, na hapo elimu inafanya kazi kweli. Hela ya soda ya mtoto kila jioni kwa wiki moja inanunua mayai kadhaa. Mafuta ya kupima yanayoishia kwenye maandazi yanaweza kuungia mboga ya siku mbili. Tumeona nyumba mbili za uani mmoja, kipato kile kile, watoto wa huku wanakua na wa kule wanasuasua, na tofauti ni nani anapakuliwa kwanza na anapakuliwa nini.

4. Nitapata wapi somo, na ni bure?

Ni bure. Pa kwanza ni kliniki ya mama na mtoto kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu. Pa pili ni kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako. Kama humjui, mwenyekiti wa mtaa anamjua. Halmashauri zote za mkoa, yaani Jiji la Dar es Salaam (eneo la Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, zina maafisa lishe ambao kikundi kinaweza kuwaalika. Miongozo wanayoitumia inaandaliwa na Wizara ya Afya pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Ukialikwa kwenye somo, uliza kama watapika. Somo la lishe lisilo na jiko watu hulisahau kabla hawajafika nyumbani.

## Hela, genge na jiko

5. Napata hela ya siku tu. Ninunue nini?

Wengi wetu tunaanza na unga au mchele, kisha kinachobaki ndicho kinatafutiwa mboga. Geuza mpangilio. Tenga kwanza hela ya kitoweo cha kujenga mwili, iwe maharage, kunde, choroko, dagaa au mayai. Kisha mboga ya majani. Unga uje wa tatu. Familia haitalala njaa kwa ugali kupungua kidogo ikiwa maharage yameongezeka, kwa sababu maharage yanashibisha.

Chukua mfano wa jioni moja ya watu watano: ugali, kipimo cha dagaa, mafungu mawili ya matembele, nyanya mbili, kitunguu, kiganja kimoja cha karanga zilizotwangwa ndani ya mboga, na machungwa mawili yaliyokatwa vipande kwa ajili ya watoto. Vyote hivyo vinapatikana genge la mtaani bila kupanda daladala, na makundi sita yametimia (mafuta yamo kwenye kuungia).

Shida kubwa ya kununua kwa kupima ni kwamba mwenye hela kidogo ndiye anayelipa bei kubwa zaidi kwa kilo. Njia tunayoiona ikifanya kazi ni wanawake watano au sita wa kikoba kuchangishana, mmoja akaenda soko la Tandale kuchukua maharage kwa debe, wakagawana nyumbani. Kwa matunda, nendeni soko la Mabibo. Jioni, wauzaji wanapotaka kumaliza mzigo, bei huwa inalegea. Ndizi iliyoiva sana au embe lenye jeraha dogo la nje halina kasoro ya lishe, kata sehemu iliyoharibika.

6. Dagaa si chakula cha shida tu?

Hapana, na tunalisema hili kwa sauti kila tunapopata nafasi. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo unapata kalsiamu ambayo kwenye samaki mkubwa unaitupa. Ana protini, chuma na zinki. Wa Mwanza, wa Kigoma au dagaa mchele wa huku Pwani, wote wanafaa. Wa Kigoma bei yao iko juu, na mtoto hahitaji wa bei juu.

Kwa mtoto mdogo fanya hivi: pepeta mchanga, chambua uchafu, osha kwa maji ya moto, anika kidogo wakauke, kisha wakaange kwenye sufuria kavu bila mafuta mpaka wakivunjwa wanakatika. Twanga, chekecha, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji wa chumvi, viazi vya kuponda au wali wa mtoto kila siku kinatosha kubadilisha chakula chake. Usinunue wengi kwa pamoja wakati wa mvua, maana wakipata unyevu wanaota ukungu.

7. Sembe au dona?

Dona ina nyuzinyuzi, vitamini na madini zaidi, kwa kuwa ganda na kiini vimebaki. Sharti lake ni mahindi mazuri. Mahindi yenye ukungu, yaliyovunjika au kubadilika rangi yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chambua kabla ya kusaga, na mahindi unayoyatilia shaka usiwape hata kuku.

Ukinunua sembe ya mfuko, tafuta iliyoandikwa kwamba imeongezwa virutubishi. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula zipo tangu 2011, lakini unga unaosagwa kwenye vinu vidogo vya mtaani mara nyingi haujaongezwa kitu. Chumvi nayo iwe yenye madini joto, itunzwe kwenye chombo kilichofunikwa na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

8. Mchicha wa bonde la Msimbazi ni salama?

Mto Msimbazi unapokea maji machafu ya majumbani na ya viwandani, na tafiti zimekuta madini mazito kwenye maji na udongo wake. Kuosha kunaondoa vijidudu na tope, hakuondoi madini mazito yaliyokwisha kuingia ndani ya jani. Kwa hiyo muulize muuza genge mboga zimetoka wapi, na ukiweza chagua zilizomwagiliwa kwa maji ya bomba au kisima.

Usiache kula mboga kwa hofu hiyo. Uani kwako, magunia mawili au matatu ya udongo na samadi yanaweza kukupa mchicha ndani ya wiki tatu hadi nne tangu kupanda. Matembele ni rahisi zaidi, unachomeka kipande cha mche tu, ukichuma yanachipua tena.

9. Maharage yanamaliza mkaa. Nifanyeje?

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo asubuhi, yapike kwa maji mapya, sufuria ikiwa imefunikwa. Yataiva mapema zaidi na gesi tumboni itapungua. Usitie magadi: yanalainisha, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, na hii ni kwa mboga za majani vilevile. Choroko na dengu zilizokobolewa hazina haja ya kulowekwa muda mrefu.

Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe dakika chache tu, zishuke bado ni za kijani. Kisamvu ndicho pekee tunachosisitiza kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu kibichi kina sumu.

## Mjamzito, mama na mtoto mdogo

10. Siku 1,000 ndiyo nini?

Ni siku 270 za mimba na 730 za miaka miwili ya kwanza ya mtoto. Ubongo na kimo hujengwa zaidi katika kipindi hicho, na kimo kilichopotea hapo ni kigumu sana kukirudisha baadaye. Ndiyo maana hela ikiwa ndogo tunasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka miwili watangulie, hata mbele ya baba.

11. Ni kweli mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa hana nywele?

Si kweli. Yai ni protini ya bei nafuu kuliko nyama, na mjamzito anaihitaji. Liive vizuri tu. Mwiko huu unamnyima chakula yule hasa anayekihitaji zaidi nyumbani, na tunawaomba bibi na mama wakwe watusaidie kuuacha.

Mjamzito anahitaji pia mlo mmoja mdogo wa ziada kwa siku na vidonge vya FEFO (madini chuma na asidi ya foliki) anavyopewa kliniki. Vikimletea kichefuchefu avinywe usiku, asiviache. Chai na kahawa zikae mbali na mlo, angalau saa moja, kwa kuwa zinazuia chuma kuingia mwilini; chungwa, embe au ndimu pamoja na chakula vinasaidia kuingia. Hamu ya kula udongo huonekana mara nyingi kwa mwenye upungufu wa damu: akapimwe, na udongo wenyewe auache, kwani unaweza kubeba mayai ya minyoo.

12. Mtoto ana miezi mitatu, analia sana. Maziwa hayatoshi, nimwanzishie uji?

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji, bila maji ya mchele. Hata kwenye joto la Dar es Salaam maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Dawa anayoandikiwa na mhudumu ndiyo pekee inaruhusiwa.

Mtoto hulia kwa mengi: joto, usingizi, gesi, kutaka kubebwa. Maziwa yanatosha kama anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki. Yakiwa kidogo, mara nyingi mtoto hajashika ziwa vizuri au ananyonya mara chache. Midomo yake ishike sehemu kubwa ya weusi wa ziwa, si chuchu tu. Anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa saa ishirini na nne, usiku ukiwemo. Ukimpa uji, ananyonya kidogo, maziwa yanapungua kweli, na mama anaamini alikuwa sahihi tangu mwanzo.

13. Natoka alfajiri kwenda kuuza. Nitanyonyeshaje?

Mwajiriwa ana haki yake: sheria ya ajira ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 (siku 100 kwa mapacha), na baada ya hapo muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili ndani ya siku ya kazi. Mama anayeuza vitumbua au aliye mama lishe hana mwajiri wa kumdai, kwa hiyo tunazungumza naye kuhusu kukamua.

Nawa mikono kwa sabuni, kamua kwenye kikombe safi kilichochemshwa, funika, acha mahali pa baridi zaidi ndani ya nyumba. Bila friji yatumike ndani ya muda wa saa nne, na siku za joto kali mapema zaidi. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa, kwani chupa ni ngumu kuisafisha. Ukirudi, nyonyesha mara nyingi usiku.

14. Uji wa lishe niweke nafaka ngapi?

Hili ndilo swali linalotuumiza zaidi, kwa sababu mama anajinyima kununua mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, anasaga vyote pamoja, akiamini vikizidi ndivyo mtoto anavyonufaika. Nafaka ni nafaka. Mtama, ulezi na mahindi viko kundi moja, kuvirundika hakuongezi kundi jipya. Na kila kimoja kina muda wake wa kuiva. Vikichanganywa, kimoja kinaiva na kingine kinabaki kibichi tumboni kwa mtoto.

Chagua nafaka moja na aina moja ya karanga au kunde. Vipimo vitatu au vinne vya unga wa ulezi au mahindi kwa kimoja cha karanga ni mchanganyiko mzuri. Saga kidogo kidogo, na karanga ni bora uzitwange nyumbani na kuziongeza wakati wa kupika, maana unga wenye karanga ukikaa unachacha na unaweza kuota ukungu. Chagua karanga moja moja. Iliyosinyaa au kubadilika rangi itupwe. Soya mbichi haifai kabisa, ina kitu kinachozuia protini kusagika, kwa hiyo lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa.

Kisha upike uji uwe mzito. Uji unaochuruzika kama chai unajaza tumbo dogo kwa maji. Ukiinamisha kijiko, uji udondoke polepole. Mwishoni ongeza maziwa, au kijiko cha mafuta ya mawese, ambayo wekundu wake hugeuka vitamini A mwilini, au tunda lililopondwa. Na uji usiwe chakula chake pekee, tazama linalofuata.

15. Mtoto wa miezi saba ale nini, mara ngapi?

Akifika miezi sita anaanza chakula laini huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Miezi sita hadi minane: mara mbili hadi tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa: mara tatu hadi nne, na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au kipande cha papai. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vilivyopondwa na dagaa au kiini cha yai ni mwanzo mzuri. Hakuna sababu ya kusubiri mwaka mmoja kumpa yai.

Mpe bakuli lake. Kwenye sinia moja, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anashindana na kaka zake wa miaka saba, na anashindwa. Mama akitazama sinia tupu hudhani wote wamekula. Bakuli la peke yake linakuonyesha amekula kiasi gani, na linakuonyesha mapema siku aliyoanza kukataa.

Usisahau matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi sita mpaka kabla ya miaka mitano, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Kampeni zake kwa kawaida hufanyika Juni na Desemba.

## Vijana na wanafunzi

16. Nakaa geto peke yangu. Chips mayai kila siku zina tatizo?

Mayai ni mazuri. Tatizo ni viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika siku nzima, chumvi nyingi, na mboga kuwa kachumbari vijiko viwili. Kwa mama lishe, kwa hela inayokaribiana, unapata wali maharage na mchicha, na ukiomba akuongezee mboga wengi hawakatai.

Vijana watatu wa geto moja wakichanga, sufuria ya maharage inapikwa asubuhi na kuliwa mchana na jioni. Bila friji, ichemke tena mpaka itokote kabla ya kula jioni, na isilale mpaka kesho yake. Kuhusu unga wa protini wa wanaonyanyua vyuma: kijana mwenye maharage, dagaa, mayai na maziwa hauhitaji.

17. Binti yangu ana kizunguzungu na uchovu kila mwezi. Ni umri tu?

Inawezekana ni upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida kwa wasichana waliovunja ungo kwa kuwa wanapoteza chuma kila mwezi. Mpeleke akapimwe kabla ya kununua dawa yoyote. Nyumbani ongeza maini au dagaa, kunde, mboga za kijani, pamoja na tunda lenye uchachu. Rozela, juisi ya bitiruti na kadhalika si mbadala wa vidonge akishaandikiwa.

Kama anaruka milo ili apungue, mzungumze kwa upole. Maneno ya kumcheka mwili wake nyumbani yanaharibu zaidi kuliko chakula.

18. Nimpe mwanangu hela ya shule au nimfungie chakula?

Mfungie, au bora zaidi changieni chakula cha shuleni kama shule ina utaratibu huo na wazazi wamekubaliana. Hela ya mkononi inaishia kwenye ubuyu wa rangi, kashata na juisi za unga. Soda ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri, kwa mtu mzima, sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki 25, yaani kama vijiko sita. Soda moja imeshapita hapo. Vinywaji vya kuongeza nguvu tunasema wazi si vya watoto.

Kiazi kitamu kilichochemshwa, yai, au mihogo ya kuchemsha na karanga vinakaa vizuri kwenye kikopo hadi saa nne asubuhi.

## Hali za pekee

19. Mtoto amekonda, majirani wanasema amebemendwa. Nifanye nini?

Mpeleke kituo cha afya leo. Imani ya kubemenda inasema mtoto ameharibika kwa sababu wazazi walikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, au baba alitoka nje. Tumeona ndoa zikivunjika kwa neno hili, na mama akimficha mtoto ndani kwa aibu wakati kila siku ina thamani. Tendo la ndoa haliharibu maziwa.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mama amepata mimba nyingine mapema, amemwachisha mtoto ziwa ghafla, na chakula kilichochukua nafasi ni uji mwepesi. Au mtoto ameharisha kwa wiki kadhaa, ana kifua kikuu au maambukizi mengine. Huo ni utapiamlo na una tiba.

Angalia dalili: mbavu na mifupa kutokeza, uso wa kizee, au miguu yote miwili kuvimba, nywele kubadilika rangi na kunyonyoka, ngozi kubanduka. Bonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, ni hatari hata kama mtoto anaonekana mnene. Mhudumu atampima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 na kuendelea ni kijani. Aliye kwenye nyekundu lakini ana hamu ya kula anaweza kutibiwa akitokea nyumbani kwa chakula dawa, yaani chakula maalumu cha tiba anachopewa kituoni. Mwenye homa, uvimbe mkubwa au asiyekula hulazwa. Chakula dawa ni cha mgonjwa huyo peke yake, asigawiwe ndugu yake wala kisiuzwe. Kwa sera ya serikali, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya umma hayalipiwi.

20. Ninaishi na VVU. Ninyonyeshe?

Ndiyo, ukiwa unatumia ARV (dawa za kufubaza VVU) kila siku bila kuruka. Miezi sita ya kwanza maziwa yako tu, kwa sababu kuchanganya na uji au maziwa mengine katika kipindi hicho kunaongeza hatari ya kumwambukiza. Baada ya hapo chakula pamoja na kunyonya vinaendelea. Mtoto apewe dawa ya kinga na apimwe kwa ratiba ya kliniki. Kama umeacha dawa kwa sababu yoyote, rudi useme.

21. Mwanangu ana selimundu (sikoseli). Ana chakula maalumu?

Chakula chake ni kile kile cha mlo kamili, ila maji anywe mengi siku nzima na asiruke asidi ya foliki anayopewa kliniki. Usimnunulie dawa za kuongeza damu zenye chuma bila daktari kusema, kwa kuwa upungufu wake wa damu hautokani na kukosa chuma.

22. Bibi ana kisukari. Tumpikie chungu chake?

Hapana. Sufuria yenu ikiwa na mboga nyingi, maharage, mafuta kidogo na chumvi isiyozidi kijiko cha chai kwa mtu kwa siku, inamfaa naye. Kinachobadilika kwake ni ukubwa wa tonge: ugali robo ya sahani, hata uwe wa dona, mboga nusu. Juisi asinywe, tunda alile lenyewe, na milo yake iende na muda wa dawa.

23. Kipindupindu kikiwepo mtaani, tule nini?

Chakula cha moto kilichopikwa sasa hivi, maji yaliyochemka au kutiwa dawa, matunda unayoyamenya mwenyewe. Kachumbari na matunda yaliyokatwa barabarani yasubiri. Anayeharisha aendelee kula na mtoto aendelee kunyonya, apewe ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na awahishwe kituoni. Kumnyima chakula mtoto anayeharisha ni njia ya haraka ya kufika swali la 19.

24. Tunataka kuanzisha kikundi cha lishe mtaani kwetu. Tuanzie wapi?

Zungumzeni na mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kisha mwombeni afisa lishe wa halmashauri siku moja ya kuwaelekeza. Anzeni na walezi kumi hadi kumi na watano wenye watoto wa chini ya miaka miwili. Waiteni akina bibi, kwani wao ndio hubaki na watoto, na akina baba, kwani wengi wao ndio hutoa hela ya kula. Baba aliyeona kwa macho yake uji unavyopikwa haulizi tena mayai ya nini.

Kila mtu aje na kitu kimoja kutoka kwake: kiganja cha karanga, fungu la mboga, yai, kopo la mkaa. Ndoo ya maji na sabuni iwe mlangoni, na hakuna anayekaa kabla ya kunawa. Mkutano wa kwanza pikeni uji wa nafaka moja na karanga, wa pili unga wa dagaa, wa tatu mboga za majani, wa nne chakula cha mjamzito. Kila kikao mhudumu apime mikono ya watoto kwa utepe na kuandika, na anayekosa vikao viwili mfululizo atembelewe kwake, maana mara nyingi ndiye mwenye mtoto aliyekonda.